MCHEZO UNAOMNGOJA MTOTO NA MCHEZO USIOMNGOJA



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuharisha, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, kwa maana tunataka kuzungumza juu ya michezo ya simu na kompyuta, ile ambayo watoto wetu wanaiita gemu. Tunafanya hivyo kwa sababu kina mama wanaokuja kliniki wanatuuliza swali lile lile, mmoja baada ya mwingine: "Sista, mtoto wangu hashikiki, mchana kutwa yuko na simu. Nimnyang'anye?"

Jibu letu si "ndiyo" wala si "hapana". Gemu si kitu kimoja, kama vile dawa si kitu kimoja. Muuguzi akiulizwa kama dawa ni mbaya, hawezi kujibu kwa neno moja. Atauliza kwanza: dawa gani, kiasi gani, kwa nani, na saa ngapi? Juu ya gemu yatupasa kuuliza vivyo hivyo. Nasi tumejitahidi kuzijua. Tumekaa na vijana wa nyumbani kwetu, tukashika simu, tukashika kompyuta, tukacheza, tukauawa mara nyingi, tukaanza upya. Maoni tunayoyatoa hapa ni ya wauguzi waliocheza, si ya watu waliochungulia mlangoni na kuguna.

MTOTO WA KARIAKOO ACHEZE WAPI?

Kwanza tuyatazame mazingira. Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, yaani wale wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Tangu jina lake, basi, hapa ni mahali pa kazi nzito. Soko kuu, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Siku zile mitaa inayolizunguka ilikuwa bado ya nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Barazani wazee walicheza bao. Uani wasichana walicheza mdako na rede, na jioni watoto wote walicheza kombolela mpaka waitwe kula.

Leo nyingi ya nyumba hizo zimekuwa maghorofa, chini maduka, katikati stoo, juu watu. Ua umekwisha. Mtoto anayeishi ghorofa ya tano karibu na Mtaa wa Aggrey akishuka chini anakutana na mikokoteni, bodaboda, mizigo na umati wa wanunuzi. Viwanja vya Jangwani navyo hujaa maji mvua ikizidi. Mzazi anatoka alfajiri kwenda kufungua biashara, anarudi usiku miguu imevimba. Mtoto anabaki na simu, na simu inakuwa yaya.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu wazazi. Mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo ili alipe ada hana nafasi ya kukaa nyumbani akimlinda mtoto. Lakini mtu akimwajiri yaya, humchunguza kwanza. Yaya huyu wa kioo tumemchunguza?

AINA MBILI ZA MICHEZO

Michezo hii ni mingi kama bidhaa za sokoni. Sisi mwezi huu tunachagua aina mbili tu, kwa kuwa tukizielewa hizi tutakuwa na kipimo cha kupimia nyingine.

Aina ya kwanza ni michezo ya kunusurika. Mchezaji anawekwa mahali pa hatari, porini, kisiwani, au katika mji wenye vita, na kazi yake ni kubaki hai. Hana budi kutafuta chakula, kuni, silaha au dawa, na kujificha asiuawe.

Aina ya pili ni michezo ya zamu. Mchezaji anaongoza kikosi au nchi. Anatazama hali, anafikiri, anacheza. Kisha anamwachia mpinzani, naye anacheza. Mpaka wewe ucheze, hakuna kinachosogea.

Wazazi wengi wanazijua aina hizi bila kujua kwamba wanazijua. Mnakumbuka yule nyoka wa simu za Nokia, aliyeanza mwaka 1997? Yule alikuwa mchezo wa kunusurika. Hakungoja mtu. Kila alipokula alirefuka, na kidole kikichelewa kidogo tu, amejigonga, amekufa. Zikumbukeni pia zile karata za kompyuta ambazo makarani wengi walizicheza ofisini, zilizokuja na Windows mwaka 1990. Zile zilikungoja. Ulikwenda kunywa chai, ulirudi ukazikuta pale pale.

Tofauti hiyo moja, ya kungoja na kutongoja, ndiyo tunayotaka kila mzazi aondoke nayo leo.

MICHEZO YA KUNUSURIKA INA MAFUNZO

Tuseme ukweli: michezo ya kunusurika imetupendeza kuliko tulivyotazamia. Muuguzi akiitazama anaona mambo ya wodini.

Chukueni mfano wa Minecraft, mchezo uliotoka Sweden, ambao kufikia mwaka 2023 ulikuwa umeuzwa zaidi ya nakala milioni 300. Ndani yake kuna mstari wa mioyo kumi, ndiyo uhai, na mstari wa mapaja kumi ya nyama, ndiyo shibe. Mtu akijeruhiwa huku ana njaa, majeraha yake hayaponi. Akishiba, mioyo inarudi yenyewe. Je, si hilo tunalowaambia ndugu wa wagonjwa kila siku, kwamba mwili usiolishwa haujengi ngozi mpya? Tena tangu mwaka 2018 wenyewe wameongeza jambo jingine: mchezaji ambaye hajalala siku tatu ndani ya mchezo, usiku unaofuata madudu yenye mabawa huja kumshambulia kutoka angani.

Upo mwingine uitwao Don't Starve, wa mwaka 2013, kutoka Kanada. Huo una alama tatu: tumbo, moyo na ubongo. Ubongo unaharibika mtu akikaa gizani peke yake au akila vitu vibaya, na unatengemaa akipata usingizi. Walioutunga mchezo huo wamefahamu kwamba afya ya akili ni sehemu ya afya, jambo ambalo katika familia zetu nyingi bado ni gumu kulisema.

Na kwa watu wazima upo This War of Mine, uliotungwa Poland mwaka 2014, nao ulichukua mfano wake kutoka kuzingirwa kwa mji wa Sarajevo, miaka ya 1992 hadi 1996. Humo huchezi askari. Unacheza raia wachache waliojificha katika nyumba iliyobomoka. Bandeji ni moja, wagonjwa ni wawili. Ukienda usiku ukawaibia wazee dawa zao, mtu wako anarudi na dawa mkononi na huzuni moyoni, na huzuni hiyo inamdhoofisha. Mwaka 2020 serikali ya Poland iliuweka katika orodha ya kazi zinazopendekezwa shuleni kwa wanafunzi wakubwa. Si mchezo wa watoto, lakini aliyeucheza hawezi tena kusema kirahisi kwamba vita ni jambo la ushujaa tu.

Basi ubaya uko wapi?

Uko hapa. Tumemwona kijana wa miaka kumi na mitatu akihangaika kumtafutia chakula mtu wa kwenye kioo, huku wali wake mwenyewe umepoa mezani tangu saa mbili. Anatazama mstari wa njaa ya yule, hasikii njaa yake. Anamlaza yule kitandani asije akashambuliwa na madudu, na yeye mwenyewe saa saba za usiku bado yuko macho. Mchezo unafundisha kwamba asiyekula na asiyelala hawezi kunusurika, na mwanafunzi wake hali wala halali. Somo zuri hilo limeishia kwenye kioo, halijaingia mwilini.

MCHEZO USIOSIMAMA

Ndani ya aina hii ya kunusurika iko michezo inayotutia wasiwasi zaidi, nayo ndiyo inayochezwa sana na vijana wenye simu za kawaida. Mfano unaojulikana ni Free Fire, uliotoka mwaka 2017. Watu hamsini wanashuka kwa miavuli katika kisiwa kimoja. Wanaokota silaha, wanauana, na eneo salama linazidi kupungua mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. Wachezaji wengine ni watu halisi walio majumbani mwao, kwa hiyo mchezo hauwezi kusimama. Mama akiita, "Njoo unisaidie kushusha mzigo," mtoto anajibu, "Ngoja kidogo, mama," na kwa kweli hasemi uongo. Akiweka simu chini, anauawa, na wenzake aliokuwa nao kikosi kimoja wanamlaumu.

Wazazi wengi wanaona hapo utovu wa adabu tu. Sisi tunaona pia namna mchezo ulivyotengenezwa. Mchezo mmoja ni mfupi, kiasi cha dakika kumi au zaidi kidogo, na aliyekufa anaweza kuanza mwingine papo hapo. Hakuna mahali ambapo mchezo wenyewe unamwambia, "Sasa yatosha, kalale." Tena kuuchukua ni bure, lakini ndani yake zinauzwa almasi za kununulia mavazi na mapambo. Simu ambayo mtoto anachezea mara nyingi ndiyo hiyo hiyo yenye fedha za biashara za mzazi. Namba ya siri ikijulikana, mtaji wa nyanya unaweza kugeuka koti la mtu asiyekuwapo duniani.

Jambo la tatu, na hili ni la muuguzi: katika michezo hii mtu aliyepigwa risasi anajifunga dawa kwa sekunde chache, kisha anaendelea kukimbia. Waliowahi kuhudumia jeraha la risasi wanajua kwamba sivyo. Mtoto mdogo anayeona hivyo mara mia kwa siku yafaa awe na mtu wa kumwambia ukweli.

MICHEZO YA ZAMU

Sasa tugeukie michezo ya zamu, ambayo hatufichi kwamba ndiyo tunayoipenda.

Mchezo wa zamu si mgeni kwetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kwanza watu wananamua, wakiingiza kete moja moja, kisha wanaingia mtaji. Bingwa wa bao hachezi kwa haraka ya mkono. Anahesabu kete itakapoangukia, itakapoendelea, na mpinzani atajibu nini. Mholanzi Alexander de Voogt aliwafuata mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akatoa kitabu kuhusu uwezo wa akili zao. Mwalimu Nyerere naye alijulikana kwa kulipenda bao. Mchezo huo ulimfundisha mtoto aliyekaa pembeni mambo mawili ambayo shule inahangaika kuyafundisha: kufikiri kabla ya kutenda, na kungoja zamu yako.

Michezo ya zamu ya kompyuta ni wajukuu wa jamii hiyo hiyo ya michezo. Mwaka 1994 Mwingereza Julian Gollop na wenzake walitoa mchezo uitwao UFO: Enemy Unknown, ambao katika nchi nyingine uliitwa X-COM. Ndani yake unaongoza kikosi kidogo dhidi ya maadui kutoka anga za mbali. Kila askari ana jina lake na kiasi chake cha nguvu kwa kila zamu. Akitembea mbali, hana nguvu ya kupiga. Akifa, amekufa, harudi. Akijeruhiwa, anatoka damu mpaka mwenzake amfikie na mkoba wa dawa, na akirudi kambini analazwa siku kadhaa. Huwezi kumpeleka tena vitani kesho yake. Tulipoliona hilo tulicheka kwa furaha. Hatimaye tumepata mchezo wenye wodi!

Na kazi ya kuongoza kikosi hicho inafanana na kazi yetu usiku wa zamu wodini, wakati wagonjwa ni wengi na mikono ni michache. Nani aanze? Nani anaweza kungoja? Dawa hii moja nimpe nani? Ukikimbilia anayepiga kelele zaidi, unaweza kumpoteza aliyenyamaza. Kijana anayezoea kusimama, kutazama pande zote na kuuliza "nikifanya hivi kitafuata nini" amepata zoezi jema la akili. Hatudai kwamba kucheza kutamfanya awe daktari au ataongeza alama za hesabu. Tunasema tu kwamba kama atacheza, ni heri acheze mchezo unaompa nafasi ya kufikiri, na wakati huo huo unampa nafasi ya kuitika anapoitwa.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Katika mchezo wa zamu mtoto akiitwa hana kisingizio. Anaweka simu chini, anashusha mzigo, anakula, anasali, analala, na asubuhi askari wake wako pale pale alipowaacha.

LAKINI TUSIJIDANGANYE

Mchezo wa zamu nao una mtego wake. Wachezaji wa Civilization, mchezo wa kujenga dola uliotungwa na Mmarekani Sid Meier mwaka 1991, wanaujua sana: "zamu moja tu, halafu nalala." Zamu hiyo moja inazaa nyingine, na nyingine, mpaka adhana ya alfajiri inasikika mtu yuko pale pale. Sisi tumeona usiku ukienda hivyo. Mchezo unakungoja, ndiyo, lakini wewe ndiye usiyetaka kuuacha.

Mbona wazee wa bao hawakuharibika? Si kwamba bao halina utamu. Ni kwamba bao lilikuwa na breki nje ya ubao. Jua lilizama, kete hazikuonekana. Mpinzani aliitwa na mkewe. Kahawa iliisha. Watazamaji walichoka wakaondoka. Simu haina jua la kuzama. Kioo kina taa yake. Mpinzani yuko nchi nyingine ambako ni mchana. Watazamaji hawapo. Breki zote zile ambazo watu walimwekea mchezaji wa bao zimeondolewa, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaachiwa ajifunge breki mwenyewe. Hiyo ni kazi ambayo hata mtu mzima humshinda.

Hivyo basi, maoni yetu ni haya: kipimo cha kwanza cha gemu ni kama inamngoja mtoto, na breki ya pili, ambayo ndiyo ya lazima, ni watu wa nyumbani.

JE, NI UGONJWA?

Mama akisema, "Mwanangu ana ugonjwa wa gemu," tusiharakishe kumkubalia. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa huo katika orodha yake ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022. Lakini dalili zake ni nzito. Mosi, mtu ameshindwa kabisa kujizuia: lini aanze, muda gani acheze, lini aache. Pili, mchezo umepita mambo yote ya maisha, chakula, shule, marafiki. Tatu, anaendelea au anazidisha hata baada ya kuona madhara. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imeendelea kwa muda wa miezi 12 na kuharibu kweli maisha yake. Wengi wa wanaocheza hawafiki hapo. Mtoto anayecheza sana wakati wa likizo si mgonjwa. Mtoto aliyeacha shule, halali, anaiba fedha za bando, na amekata urafiki na kila mtu, huyo mleteni hospitali. Na mkimleta, msije mkitaka achapwe sindano. Mara nyingi nyuma ya mchezo kuna huzuni, msiba, au uonevu shuleni, na simu ilikuwa mahali pa kujificha.

YANAYOUPATA MWILI

Usingizi. Hili ndilo tatizo tunaloliona zaidi ya yote. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku; kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanga wa kioo usiku huchelewesha usingizi, na moyo uliokimbizwa na vita vya kisiwani hautulii upesi. Mtoto anayeamka kuwahi daladala au mwendokasi saa kumi na moja alfajiri hana saa za kupoteza.

Macho. Anayekazia macho kioo hupepesa kope mara chache, macho hukauka na kuwasha. Mfundisheni kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mbali kiasi cha mita 6 kwa sekunde 20. Aidha, watoto wanaotoka nje kwenye mwanga wa jua hawapatwi sana na tatizo la kutoona mbali kama wanaofungiwa ndani.

Shingo, mgongo na vidole. Mtoto anayejikunja kitandani saa tatu ataumwa. Akae, ainuke, atembee.

Kifafa. Wako watoto wachache ambao mwanga unaomemeteka huwaletea kifafa. Huko Japani mwaka 1997 mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni chenye mwanga wa namna hiyo. Mtoto akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, wala msimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano bila kutulia, mkimbizeni hospitali. Hata akitulia, mleteni apimwe. Hajarogwa.

KUKATAZA KABISA?

Wako wanaosema serikali ipige marufuku. Wenzetu wamejaribu. Korea Kusini mwaka 2011 iliwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza kwenye intaneti kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ilipoanza 2022 sheria hiyo ilikuwa imeondolewa, na jukumu likarudi kwa wazazi. China tangu Septemba 2021 iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi hatuoni kwamba serikali itaweza kuingia katika kila chumba cha Gerezani na Ilala kutazama mtoto ameshika nini. Sheria inayofaa ni ile ya sebuleni. Na kumnyang'anya simu kwa hasira katikati ya mchezo kunamfundisha jambo moja tu, kujificha. Atakwenda kucheza kwenye kibanda cha gemu, kati ya watu msiowajua.

USHAURI KWA WAZAZI

1. Ujueni mchezo kwa jina. Mwambieni mtoto awaonyeshe, kaeni naye nusu saa, mshindwe naye. Muulizeni maswali matatu: Unasimama? Unachezwa na watu gani? Unauza nini ndani yake?

2. Mchezo usiosimama upangiwe kwa idadi, si kwa dakika. Msimwambie, "Nusu saa." Mwambieni, "Michezo miwili, halafu simu mezani." Hapo hatadai kwamba mmemwua katikati.

3. Mchezo wa zamu upangiwe saa ya mwisho, na saa hiyo ni ya mtu mzima kuitangaza.

4. Saa moja kabla ya kulala simu zote zikae mahali pamoja, na za wazazi zikiwamo. Mtoto hafuati mdomo, anafuata macho.

5. Chakula kwanza. Semeni naye kwa lugha ya mchezo wake: "Mstari wako wa njaa umefika wapi?" Tumelijaribu neno hilo nyumbani, wanacheka na wanakuja kula.

6. Mtoto aliye chini ya miaka 2 kioo hakimfai. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Ikipungua ni bora. Hayo ni maagizo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019.

7. Namba ya siri ya fedha isijulikane na mtoto, hata aliye mwaminifu. Msimtie majaribuni.

8. Michezo mingi ina alama ya umri, kama 7, 12, 16 au 18, kwenye kasha au mahali pa kuipakulia. Iheshimuni kama mnavyoheshimu maandishi kwenye chupa ya dawa.

9. Rudisheni ubao wa bao nyumbani, au drafti, au karata. Asiye na ubao achimbe mashimo, atumie kokwa. Jumapili mchana mtoto acheze na babu yake. Atajifunza kungoja zamu mbele ya mtu anayeonekana uso, na babu naye atapata wa kuzungumza naye.

Wapenzi wazazi, tumewaona ninyi mkichagua nyanya sokoni. Mnaigeuza moja moja, mnaibonyeza, mnainusa, ile iliyolainika mnairudisha. Hakuna anayesema nyanya zote ni mbaya, wala hakuna anayebeba tenga zima bila kutazama. Fanyeni hivyo hivyo na michezo ya watoto wenu, mkianza jioni ya leo kwa kuuliza tu: "Mwanangu, mchezo huu unaitwaje, na ukiuacha sasa hivi unakungoja?"

Tunawatakia afya njema.